Koti la Usiku wa Suti

Walubengo aliingia dukani kwangu Alhamisi saa tisa alasiri, mvua ikimiminika, na kabla hata hajanisalimia akalitupa koti juu ya meza ya kukatia nguo.

"Shika koti yako," akasema.

Miezi minane sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimejipangia mara nyingi nitakavyofanya siku hiyo ikifika. Ningemwangalia mara moja, halafu ningeendelea na kazi yangu kana kwamba aliyeingia ni upepo. Badala yake niliona kwamba amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola ya shati, na macho yake ni yale yale yaliyokuwa yakinifanya nikate kitambaa vibaya. Nikajichukia.

"Kwani huko baharini salamu zimeisha?" nikamuuliza.

"Akeyo, usinichezee. Lavender ameniambia. Jumamosi ni ayie yako."

Lavender ni dada yake, na hakuwa amemdanganya. Jumamosi wazee wa Osewe, mwanaume aliyetaka kunioa, walikuwa waje kwa mama yangu, huko mtaa wa Gatwekera, kumwomba akubali, na ninavyomjua mama, angekubali kabla hawajamaliza kufuta viatu mlangoni. Kwetu siku hiyo ikishapita, msichana ana mwenyewe. Gauni la siku hiyo lilikuwa pale pale kwenye cherehani, la kijani, limebaki pindo tu.

"Ni kweli," nikasema.

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Mwezi wa tisa. Kabla hujaondoka."

"Mwezi wa tisa?" Alicheka, kicheko kikavu. "Mwezi wa tisa ulinisindikiza mpaka airport umenibebea begi. Ulisema nikule vizuri. Ulisema nisisahau kofia. Mambo ya bwana sikusikia hata kidogo."

Mlango wa pili, Nduku mwenye chapati akaacha kusukuma unga ili asikie vizuri. Nikaongeza sauti ya redio kidogo. Mimi nina ulimi, mtaa mzima wa Kabiro unajua, lakini mambo ya moyo wangu sipendi yaende nyumbani yamefungwa pamoja na chapati za watu.

Na nina kiburi, hilo nalo sitalificha. Nilikuwa nimemuuliza Walubengo swali moja, mara moja, na nikaapa sitalirudia. Alinyamaza. Nikalia wiki tatu, nikaacha. Pasaka ilipofika nikamwambia mama sawa, Osewe aje.

Sasa amesimama mbele yangu analowesha sakafu, anajifanya hakuulizwa.

"Chukua tu koti," akasema tena, sauti imeshuka. "Sitaihitaji."

Fundi ni fundi hata akiwa na hasira. Siwezi kuona koti limelala limejikunja nikaliacha. Nikalinyanyua niliweke kwenye hanga, na hapo kumbukumbu zikanipanda.

Alipopata kazi kwenye meli ya kitalii tulienda cyber pamoja kusoma habari zake. Kulikuwa na ukurasa mmoja tuliousoma mpaka tukaukariri. Ulisema kwamba kila safari huwa na usiku maalumu wa mavazi rasmi. Wanaume wavae koti jeusi lenye kola ya satini na tai ya kipepeo, wanawake gauni refu, na asiyevaa hivyo haruhusiwi kuingia ukumbi mkubwa wa chakula. Tuliangaliana kwa hofu. Walubengo alikuwa na jaketi moja ya jeans. Angekula wapi?

Tukauita usiku wa suti, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilinunua makoti mawili ya mtumba pale soko la Toi, nikayafumua yote, nikakata upya. Satini ya kola niliitoa kwenye sketi yangu nyeusi, ile niliyovaa nikimsindikiza rafiki yangu Mitchelle kwenye harusi yake. Siku kumi na moja nilishona koti hilo. Sijawahi kushona kitu kizuri kama hicho, na sidhani nitashona kingine.

Nikiwa namalizia, nilifanya ninachowafanyia wateja wote. Koti jipya siachi mifuko wazi. Naifunga kwa uzi mwekundu, mishono mitano mikubwa ya muda, ili isivutike kabla mwenyewe hajaanza kulivaa. Nikimkabidhi mteja namwambia, siku ya kuvaa, kata uzi. Walubengo aliijua desturi hiyo vizuri. Amekaa kwenye benchi la duka langu akinisikia nikiwaambia watu miaka mitatu.

Nikaligeuza koti nilitundike kwenye hanga, bitana ikafunguka upande wa kushoto.

Uzi mwekundu ulikuwa bado upo. Mishono yote mitano, kama nilivyoiacha.

Niliihesabu mara mbili kwa kidole, kama mtoto wa nasari.

"Walubengo," nikasema. "Usiku wa suti ulikuwa unavaa nini?"

"Si hiyo?"

"Hii?"

"Akeyo, si nilikuwa nakutumia voice? Nilikuambia vile watu walikuwa wananiangalia."

Alinitumia, ndiyo. Zote ninazo. Nilikuwa nazisikiliza saa saba mchana, wenye maduka wenzangu wakienda kula, mimi nimeweka spika ya simu sikioni na sare za shule zimerundikana mapajani. "Leo ilikuwa usiku wa suti. Kuna ngazi hapa, Akeyo, inang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Wanawake wamevaa magauni inafagia chini. Nikashuka na koti yako. Watu wote wananiangalia. Mzungu mmoja ameniuliza nimenunua wapi, nikamwambia Nairobi." Nilikuwa nikizisikiliza na kutabasamu peke yangu, halafu sherehe inaisha, nabaki na harufu ya mafuta ya cherehani. Sijui kama kuna upweke unaoshinda huo, wa kusikiliza furaha ya mtu wako kupitia sikio moja.

Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa mzunguko. Nilimwandikia, "Mfuko wa ndani uko sawa?" Akajibu siku hiyo hiyo, "Uko sawa kabisa. Unaingia kila kitu."

Jibu hilo ndilo lililonimaliza.

Nikachukua mkasi mdogo, nikamsukumia mezani.

"Fungua mfuko," nikamwambia. "Ule uliniambia uko sawa."

Aliangalia uzi, akaangalia mkasi. Akakaa kwenye benchi lake la zamani bila kukaribishwa, maji yakimtiririka kwenye nywele.

"Sijawahi kuivaa," akasema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja." Alijifuta uso kwa kiganja. "Niko laundry, Akeyo. Chini kabisa, hakuna dirisha. Ile page tulisoma ni ya wageni, wenye wamelipa. Sisi tunapewa uniform yao. Siku ya kwanza supervisor aliona koti kwa begi yangu, akacheka. Si kwa ubaya. Akaniambia, rafiki, hii ni ya watu wa juu, sisi hata lifti yao hatupandi. Nikaifunga kwa locker."

"Na hiyo ngazi?"

"Niliiona kwa picha iko kwa ukuta wa mess yetu."

Nilitaka kucheka na kulia, sikuweza lolote kati ya hayo.

"Usiku wa suti ndio siku mbaya kabisa kwetu," akaendelea, kama mtu aliyekuwa amebanwa na maneno haya muda mrefu. "Wanashusha makoti tangu asubuhi. Mia na kitu. Yote nyeusi, yote yanataka pasi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nageuza kila moja naangalia ndani, bitana, mabega, vile wameshona. Hakuna hata moja, Akeyo. Nakuapia. Hakuna hata moja imeshonwa kama hii."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ulifumua sketi yako. Ulikaa siku kumi na moja. Ningekuambia nini? Eti koti iko kwa locker na mimi nafua mashuka?"

"Ndiyo! Ungeniambia hivyo hivyo!" Nilipiga meza, na Nduku akapata alichokuwa anasubiri. "Ningelia siku moja. Kesho yake ningekuuliza umepiga pasi makoti mangapi. Kwani nilikupenda kwa sababu ya ngazi? Nilikupenda ukiuza maji ya mtungi Soweto West. Mimi nilikuwa peke yangu hapa, wewe uko peke yako kule, na wote wawili tunasikiliza sherehe ambayo haipo!"

Akachukua mkasi. Mikono yake ilikuwa imebadilika, ina makovu madogo ya pasi kwenye vidole, na nikajizuia nisiishike. Alikata mshono wa kwanza, wa pili, taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza kitambaa. Wa tano ulipokatika akaingiza vidole viwili, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Sikuhitaji kuiona ili kujua imeandikwa nini.

*Walubengo, mama anataka niolewe na Osewe, yule fundi wa mbao wa hapa Kabiro. Mimi nakutaka wewe. Nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa sababu ungeacha kazi. Ukinitaka, usinipigie mimi, mpigie mama mwenyewe, kabla ya Krismasi. Ukinyamaza nitaelewa na sitakuuliza tena. Akeyo.*

Alisoma midomo ikichezacheza. Alipomaliza akaanza tena juu.

"Krismasi," akasema.

"Ilishapita."

"Ungeniambia tu, Akeyo."

"Ungebaki. Halafu kila tukikosana ungeniangalia unaona meli iliyokuacha."

"Basi si ungeuliza tena?"

"Nilikuuliza kama mfuko uko sawa."

Alifunika uso kwa ile karatasi. Mimi nilibaki nimesimama upande wangu wa meza, nimekunja mikono, namtazama mwanaume ninayempenda akilia umbali wa futi tatu, nashindwa kuizunguka meza. Mama alikuwa na maneno yake juu ya Walubengo. "Sina shida na kabila lake," alikuwa akisema, "shida yangu ni kwamba hayupo. Nikimkaribisha, nimkaribishe nani, simu? Nimmiminie simu chai?" Siku hizo nilikuwa nikigomba naye. Nikimtazama Walubengo pale kwenye benchi nikaona mama alikuwa na haki kidogo.

Mwishowe nikasema, "Ivae."

"Nini?"

"Koti. Nimeishona, sijawahi kuiona imevaliwa. Vaa niione."

Alivua jaketi lake lililolowa, akaingiza mkono mmoja, halafu wa pili. Nikazunguka meza. Mabega yalikaa. Mikono ilikaa. Kola ya satini iliukamata mwanga mdogo wa mlangoni, na kwa dakika moja duka langu la mabati lilikuwa ukumbi wenyewe. Ila kiunoni koti lilimpwaya, maana mwili niliopima mwezi wa tisa haukuwepo tena.

Sikujiuliza. Nilichukua pini, nikaziweka nne mdomoni, nikapiga magoti nikaanza kubana upande wa mbavu. Nilisikia moyo wake kupitia kitambaa. Yeye alinyanyua mikono kidogo, kama mteja mzuri, hakuthubutu kupumua. Hatukuongea. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, yeye sijui alikuwa na nini.

"Habari ya kazi, Akeyo."

Alikuwa Osewe. Alisimama nje kwanza akakung'uta mwavuli ili asinichafulie sakafu, ndivyo alivyo. Ana miaka thelathini na tisa, ana sauti ya chini, na mlango wa duka langu ni yeye aliyeutengeneza bila kuombwa. Mkononi alikuwa na vipande viwili vya mbao vilivyopakwa vanishi.

"Nilikuwa nataka tu kuuliza kiti ya mama," akasema. "Ile ya Jumamosi. Nipake hii nyeusinyeusi, ama hii inaenda kwa nyekundu?" Ndipo akamwona Walubengo vizuri. "Ah, samahani. Uko na mteja."

Nilichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa tu. Nilikuwa na kisingizio, pini ziko mdomoni. Ningetikisa kichwa, Osewe angechagua rangi, Jumamosi ingefika, na maisha yangu yote yangekuwa sawa kabisa, yanaingia kila kitu.

Nilitoa pini zilizobaki mdomoni moja moja, nikazichomeka kwenye kimto cha pini. Nikasimama.

"Si mteja, Osewe," nikasema.

Mvua ilipiga mabati. Osewe hakumtazama Walubengo usoni, alitazama koti. Alifuata mshono wa bega kwa macho, akashuka mpaka mkononi, fundi akisoma kazi ya fundi mwenzake.

"Hii kazi ni safi," akasema mwishowe. "Sijakuona ukishona hivi."

Nilitamani anitukane.

"Wazee wangu wanatoka Siaya kesho asubuhi," akasema. "Niwaambie waje, ama wasije?"

"Wasije. Nisamehe, Osewe."

Akaitikia kwa kichwa. Alivitia vile vipande vya mbao mfukoni, kimoja, halafu kingine. "Kiti nitamaliza," akasema. "Nilimwahidi mama yako." Akatoka, na nilimwona akienda mpaka kwenye kona ya mama mboga bila kukumbuka kufungua mwavuli.

Walubengo alininyooshea mkono. "Akeyo..."

"Usinishike. Sijamkataa kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya nani, basi?"

"Kwa ajili yake. Ni mtu mzuri, hafai kudanganywa kuhusu mfuko." Nikarudi upande wangu wa meza. "Wewe nenda."

"Niende wapi?"

"Sijui. Ulikuwa ukijua kunieleza mahali ambapo hujawahi kufika. Nenda tu."

"Koti bado iko na pini."

"Nenda nazo."

Aliikunja ile barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani. Alitoka vile vile, ameshika jaketi la jeans mkononi, koti la usiku wa suti mwilini, akiruka mtaro uliofurika.

Nilikaa kwenye cherehani. Gauni la kijani lilikuwa pale linaningoja. Nikalitoa, nikalikunja, nikaliweka chini ya sare za shule. Asubuhi nilikuwa na wanaume wawili, mmoja wa kuolewa naye na mmoja wa kukasirikia. Sasa sikuwa na yeyote, na ilikuwa haijafika hata saa kumi na moja. Nduku akanyoosha mkono kupitia mlangoni, akaniwekea chapati moja mezani, akaondoka bila neno. Hapo ndipo nilipolia.

Simu ikaita. Mama.

"Akeyo! Huyo mtu wako wa maji amenipigia!"

"Amesema nini?"

"Ati anaitwa Walubengo, ati yeye ni dobi wa meli, ati alikuwa ameulizwa kitu mwezi wa tisa na amechelewa kujibu. Nikamuuliza, kwani mimi nimekuambia niko na nguo chafu? Nikamkatia. Amepiga tena. Nikamkatia tena. Huyu mtu amelewa?"

"Hajalewa, mama." Nikaisukuma chapati kando. "Mama, wazee wa Osewe hawaji."

Nilisikia sufuria, nikasikia mtoto wa jirani, nikasikia mama akikaa chini.

"Nimeshaazima viti vya kanisa," akasema. Sauti yake haikuwa na ukali, na afadhali ingekuwa nao.

"Nitavirudisha mwenyewe kesho."

"Utavirudisha," akasema. "Na watu watauliza. Na utawajibu mwenyewe." Akakata.

Nilikuwa nafunga dirisha la mabati simu ilipolia tena, mlio ule wa voice. Nilisimama nayo muda mrefu. Halafu nikaweka spika kwenye sikio moja, kama zamani.

"Akeyo." Nyuma yake kulikuwa na mvua na honi. "Niko hapa stage ya 46. Nimevaa koti. Hakuna ngazi. Hakuna taa, stima imepotea. Niko na matope mpaka hapa magotini, na pini moja inanidunga mbavuni kila nikipumua. Watu wananiangalia. Hii ni kweli, wote wananiangalia. Kuna mzee ameniuliza kama nimetoka mazishi." Honi ikalia tena. "Nimepigia mama yako mara mbili. Amekata. Nitapiga tena kesho. Na kesho kutwa. Ni hayo tu. Sina ingine nzuri ya kukuambia."

Mkono wangu ulijua cha kuandika kabla yangu.

"Mfuko wa ndani uko sawa?"

Nilingoja. Mvua ilikuwa imeanza kupungua, na Nduku alikuwa akizima jiko lake. Jibu likaingia.

"Umelowa," aliandika. "Barua pia imelowa. Lakini bado inasomeka."